Mandolini Mbele ya Mashangazi

Wewe mupiga violoni unayetafuta mandolini, kaa kwanza, pamoja na wenzako. Usianze kuniambia kwamba itakuwa rahisi kwa sababu nyuzi ni zile zile. Ninajua ni zile zile: sol, re, la, mi, kutoka nene mpaka nyembamba. Njo pale uongo unaanzia. Nilipiga violoni kwenye misa na harusi za muji huu wa Goma mpaka nywele zikaisha kichwani, na siku niliposhika mandolini kwa mara ya kwanza niliiweka chini ya kidevu. Mbele ya watu. Hakuna aliyecheka, maana walifikiri ninainusa, kama mununuzi mwenye akili.

Mutu hatoki kwenye violoni kwa kupenda. Mimi nilitolewa na chukudu. Nilikuwa soko la Birere, katikati ya watu na moto, yaani pikipiki, na maturubai ya wauzaji, ile baiskeli yetu kubwa ya mbao ikashuka na magunia ya viazi, mwenyewe akipiga kelele, "Njia! Njia!" Sikutoka njiani. Nilikuwa ninasikiliza gurudumu lake linavyolia, nikijiuliza kama ni fa au fa diezi. Masikio ya mupiga violoni ni ugonjwa. Violoni niliyobeba mugongoni haikupata hata alama. Bega langu la kuume ndilo lililovunjika, na lilipopona halikurudi vile lilivyokuwa.

Daktari alisema mukono utashika kijiko, utashika kalamu, hata jembe kidogo kidogo. Nikamuuliza, na arshe? Arshe ni ile fimbo yenye manyoya ya farasi tunayosugulia nyuzi. Akanionyesha ukuta.

"Papa, inua mukono uguse ile kalenda."

Sikufika kwenye kalenda. Sikufika hata kwenye musumari wa kutundikia koti lake.

"Basi jibu umejipa mwenyewe," akasema, akaita mugonjwa mwingine.

Ingekuwa ni kazi tu, ningeketi nyumbani nikapanda vitunguu. Lakini binti yangu Furaha alikuwa ameshachumbiwa, na hapa ni lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu, maana ninyi watoto wa sasa munafikiri harusi inaanzia kanisani. Kwetu, binti akitoka nyumbani kwa baba yake anatolewa kwa muziki. Mupigaji anamufuata nyuma, kutoka mulango wa chumba mpaka motokari, na muziki haiwezi kukatika. Ikikatika njiani, mashangazi wanaketi. Chini, pale pale, na vitenge vyao vipya, hata kwenye matope. Hawainuki mpaka upande wa bwana arusi utoe kitenge kingine kwa kila mumoja, na kreti ya pombe. Halafu bibi arusi anarudishwa chumbani, munaanza upya. Niliona harusi moja mashangazi wakaketi na kuketi mpaka padri akaenda kula, akalala.

Wakwe wengine walishajaribu kuleta bafle, yaani spika kubwa. Mashangazi walikataa. Walisema bafle haichoki, kwa hiyo haina faida kwao.

Mimi na violoni yangu tulikuwa tumetoa wasichana wengi wa watu. Arshe inakwenda, inarudi, sauti haina mahali inapoishia. Mashangazi wa muji muzima walinisalimia kwa heshima na walinichukia. Na Furaha, tangu akiwa anabeba daftari za shule, alikuwa anasema, "Papa, mimi utanitoa muzuri kushinda bale bote." Nilikuwa nimemuitikia kila mara. Sasa bega limekufa na tarehe imeshapangwa. Niliumia, sitawaficha. Nililia kwenye choo, maana nyumbani kwangu ndicho chumba pekee chenye kufuli.

Ni muke wangu aliyesema neno mandolini. Alikuwa ameona mutu anaipiga kwenye simu, mukono wa kuume umelala juu ya mbao kama wa mutu aliyeshiba, kiganja tu ndicho kinatembea. "Hata wewe unaweza hiyo," akasema. "Haiombi bega."

Sasa sikieni kuhusu kununua, maana wengi wenu munanunua kwa macho. Mimi pia nilinunua kwa macho. Kule Birere kulikuwa na mufanyabiashara wa vitu vya mitumba: pasi, redio, viatu vya mupira, na kwenye kona mandolini mbili. Moja ilikuwa na mugongo wa duara kama kibuyu, na maua ya kung'aa kuzunguka tundu lake. Ya pili ilikuwa na mugongo bapa na matundu mawili marefu kifuani, kama violoni. Nikachukua ile ya kibuyu, nikaketi, nikaiweka tumboni. Ikateleza. Nikairudisha. Ikateleza tena mpaka magotini. Wakati ule nilikuwa na tumbo, na kibuyu juu ya kibuyu hakikai. Kama uko mwembamba, chukua ya duara, mimi sina neno. Kama unapenda bugali, chukua mugongo bapa.

"Papa, hii ni mandolini ya Ulaya," muuzaji akasema juu ya ile bapa. "Inaimba yenyewe."

"Ikiwa inaimba yenyewe, mimi unaniuzia ya nini?"

Akacheka, akapunguza bei. Nikaichukua kwa sababu moja tu, kwamba ilifanana na violoni. Hiyo si sababu. Kuna watu waliooa dada ya marehemu muke wao kwa sababu hiyo hiyo, waulizeni wanavyoishi.

Ningekuwa na akili, ningefanya vile ninavyowafanyisha leo. Inua mandolini, weka jicho kwenye kichwa chake, tazama shingo mpaka chini, kama fundi anatazama mbao. Ikiwa imepinda, aksanti, rudisha. Nyuzi zikikaa juu sana ya shingo, rudisha pia. Ziko nane, zinakwenda mbili mbili, na zote ni chuma, kidole chako kitalia. Halafu bonyeza kila mahali, uzi kwa uzi, hata muuzaji akianza kuhema. Shingo ya mandolini ina vyuma vidogo vimelala kwa kukingama, kama ngazi. Mahali utakaposikia uzi unanguruma kama nyuki kwenye chupa, pale kuna chuma kimeinuka. Zungusha na funguo za kukazia nyuzi, uone kama zinashika. Na gonga kifua kidogo na kidole. Mbao iliyoachana na gundi inajibu kama mutu mwenye mafua. Rangi usiitazame kabisa. Rangi ni ya muuzaji.

Lakini kuna kosa lingine ambalo ni letu, watu wa violoni, na mupiga gitaa hawezi kulifanya hata akilewa. Shingo ya violoni iko laini, haina ngazi. Sauti ikitoka mbaya, kidole ndicho kimekosa. Mwalimu wangu wa kwanza alitupiga vidole kwa kipande cha arshe iliyovunjika, na tulikua hivyo: sauti mbaya, kosa ni langu. Nikafikisha mandolini nyumbani. Kwenye sauti za chini, karibu na kichwa chake, ikawa nzuri. Nikapanda juu, ikawa mbaya. Nikasogeza kidole. Mbaya. Nikakisogeza upande mwingine. Mbaya ile ile, maana kwenye mandolini ni chuma kinachochagua sauti, kidole kinabonyeza tu. Majuma mazima nilisogeza kidole kama mutu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba isiyo na kura, yaani umeme. Mimi nilimuomba Mungu anisamehe. Muke wangu alimuomba nihamie kwa jirani.

Njo nikapelekwa kwa Mama Masika, kule Keshero. Alikuwa mujane, alipiga mandolini kwenye korali ya kanisa, na bwana yake ndiye alikuwa amemufundisha. Nilimukuta barazani anachagua maharagwe. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Papa Kambale, mbona unatembeza kidole?"

"Ninatafuta sauti, mama. Kidole yangu iko na kosa."

"Leta."

Akapangusa mikono. Akagusa uzi katikati yake kabisa, juu ya chuma cha kumi na mbili, bila kuubonyeza, akaupiga. Ukatoa sauti ndogo ya kengele. Halafu akabonyeza mahali pale pale, akapiga tena. Sauti mbili hazikupatana, ile ya kubonyeza ilikuwa juu zaidi. Akalegeza nyuzi kidogo, akakisukuma kile kidaraja cha mbao kinachobeba nyuzi kifuani, kikaenda upande wa mukia, padogo tu, kama upana wa haragwe. Akakaza, akajaribu tena. Zikapatana. Kama ya kubonyeza ingekuwa chini, angekisukuma upande wa shingo. Kidaraja hicho hakina gundi, kama cha violoni tu. Nilikijua. Nilikuwa nimeshuku vidole vyangu, masikio yangu, mpaka ubatizo wangu, lakini kidaraja hapana.

"Kosa haiko yako," akasema. "Kosa iko ya mbao. Habawaambiaka hivyo, nyinyi batu ya violoni?"

"Hata siku moja, mama."

Akarudi kwenye maharagwe. Mimi nilibaki nimeshika ile mandolini, nina furaha kama mufungwa aliyeambiwa walikosea jina.

Kwake njo nilijifunza mengine. Kidole kinakaa nyuma ya chuma, karibu nacho, si juu yake. Kikikaa juu yake, sauti inafunikwa. Usitetemeshe kidole ili sauti ilie kwa huruma, hiyo ilikuwa desturi ya violoni, hapa unatingisha mukono bure na watu wanafikiri una baridi. Kile kipande cha kupigia nyuzi, mediatori, kishike kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukikaba. Changu cha kwanza nilikata kwenye kifuniko cha bidon ya mafuta, kikawa kigumu mno. Cha pili nilikata kwenye chupa ya maji, kikawa laini mno. Mama Masika alinipa kimoja cha bwana yake, akasema nisikipoteze.

Nilipofikiri nimeshajua, nikamuita yaya yangu Kahambu. Kahambu ni dada yangu mukubwa, kwa hiyo kwa Furaha ni shangazi, na si shangazi tu, ni mukubwa wa mashangazi. Yeye ndiye anayeamua kama muziki imekatika. Wengine wanaketi akiketi. Alikuja na kikapu chake, akakaa, nikamupigia wimbo ule wa kumutoa bibi arusi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kosa.

"Kambale," akasema, "hiyo kitu inakatika."

"Wapi, yaya?"

"Fasi yote. Piga moja tu."

Nikapiga noti moja. Ikalia, ikapungua, ikaisha. Tuliisikiliza wote wawili mpaka mwisho wake, kama watu waliokuja kuona mugonjwa.

"Unaona? Imekufa. Piga ingine." Nikapiga. "Na hiyo imekufa. Tukitoka na hiyo, tutaketi kwa kila noti. Furaha atafika kanisani na bajukuu."

"Yaya, ni mutoto wangu."

"Najua ni mutoto wako. Nilimubeba mbele yako." Akachukua kikapu. "Juma ya mwisho mbele ya harusi nitarudi kusikia. Kama ingali inakufa, nitaita mutoto ya Kasereka na violoni yake."

Mutoto wa Kasereka alipiga violoni kama mutu anayekata kuni. Lakini muziki yake haikukatika, ukweli ni ukweli. Usiku ule sikula, na mimi si mutu wa kuacha bugali.

Nikarudi Keshero. Nikamueleza Mama Masika yote, mpaka habari ya kuni.

"Noti ya mandolini inazaliwa, inakufa," akasema. "Huwezi kuikataza. Kazi yako ni kuzaa ingine mbele ya kilio kuanza."

Ndiyo hiyo wanaita tremolo: kiganja kinashuka na kupanda haraka juu ya jozi moja ya nyuzi, mpaka sikio halioni tena mahali noti moja inapoishia. Kwa mupiga gitaa ni mazoezi. Kwa mupiga violoni ni kusilimu. Sisi tumezoea kuvuta, mukono murefu, polepole, na mukono wangu ulitaka kuvuta. Nilivuta mpaka mediatori ikaruka ikaingia kwenye sufuria yake.

"Usivute. Fukuza inzi kwenye sahani ya mugeni, bila mugeni kuona."

Kwa hiyo nilifukuza inzi. Nyumbani, kwenye ibada, kwenye foleni ya maji, kiganja kinatikisika mufukoni, watu wakisogea mbali nami. Anza polepole, vijana. Kushuka na kupanda kuwe na uzito mumoja. Ukikimbia kabla havijalingana, utapiga kama farasi mwenye muguu mubovu. Na kiwiko kikianza kufanya kazi ya kiganja, simama, kunywa maji, anza tena.

Yaya Kahambu akarudi kama alivyosema. Alifunga macho. Nilipiga. Nilipomaliza alibaki amefunga macho, nikafikiri amelala.

"Tutaona ile siku," akasema.

"Na mutoto wa Kasereka?"

"Nimesema tutaona."

Ile siku, avenu yetu ilikuwa vile iko mpaka leo, mawe ya volkano matupu. Dereva wa motokari ya harusi aliitazama, akatazama magurudumu yake, akabaki barabara kubwa. Wasichana niliowatoa zamani walitoka mulangoni, wakavuka kiwanja, basi. Mutoto wangu alipaswa kutembea avenu nzima na viatu virefu juu ya mawe. Upande wa bwana arusi walikuja na vitenge vya akiba ndani ya mufuko wa plastiki. Walinihurumia waziwazi.

Nilijifunga mandolini shingoni kwa ukanda wa kitenge. Furaha akatoka chumbani. Sitawaambia namna alivyokuwa, mimi ni baba yake, hamutaniamini. Nikaanza.

Kiwanja tulivuka muzuri. Kwenye jiwe la kwanza kubwa akayumba, wasimamizi wakamushika, nikabaki kwenye noti moja mpaka aliposimama, haikufa. Yaya Kahambu alitembea kando yangu, sikio lake kwenye mandolini, mashangazi wengine nyuma yake wameshikilia vitenge vyao tayari kuketi. Kila hatua waliniangalia mukono. Kiganja kikaanza kuwaka. Bega likauma, lakini halikuombwa kufanya kitu, liliuma kwa desturi tu. Jasho likaingia kwenye vidole, na katikati ya avenu mediatori ya bwana wa Mama Masika ikaniponyoka, ikaanguka kati ya mawe.

Sikutazama chini. Nikaendelea na nyama ya kidole. Lakini kidole kitupu kwenye chuma kinatoa sauti ndogo, ya mutu anayeongea na mutoto aliyelala, na wakati ule vijana walikuwa wanapiga filimbi, wanawake wanapiga vigelegele, wenye moto wawili wanapiga honi ili wapite. Muziki ikazama. Mimi mwenyewe nilikuwa ninaipiga na sikuisikia. Nikaona shangazi mumoja anakunja goti.

Yaya Kahambu akainua mukono.

"Nyamazeni!" akasema, na yule mwenye goti akamugeukia: "Na wewe simama. Inapiga."

"Siisikii, yaya."

"Miye ninaisikia."

Watu wakanyamaza. Vigelegele vikakoma, wenye moto wakazima mashine. Avenu nzima ikatembea kimya nyuma ya kidole kimoja, na waliokuwa mbele walitembea kinyumenyume ili wasikie. Damu ilikuwa imeanza kutoka, sikuisikia pia. Nilisikia viatu vya Furaha tu, na mandolini.

Tukafika kwenye motokari. Wakafungua mulango, akaingia, wakamukunjia gauni ndani. Desturi inasema pale mupigaji anasimama. Akishakaa, si wa kwenu tena, muziki imemaliza kazi yake. Nilikuwa nimesimama pale mara nyingi sana na mabinti wa wengine, nikashusha arshe, nikaenda kutafuta bia.

Nikaendelea kupiga.

"Papa," Furaha akasema dirishani. "Nimeshakaa."

Nikarudia wimbo kutoka mwanzo. Bwana arusi akamutazama dereva. Dereva akatazama saa, akaizima motokari. Desturi ina adhabu ya muziki inayokatika, ile isiyoisha hakuna aliyewahi kuipangia. Furaha alikuwa analia na kucheka, na mimi kidole changu kilikuwa kinazaa noti, kinazaa ingine, na nilijua kabisa kwamba kama sitasimama, hataenda.

Yaya Kahambu akaja mbele yangu. Hakunishika mukono. Aliweka kiganja chake kizima juu ya nyuzi, nane zote, polepole, kama unavyofunika sahani ya chakula.

"Kambale," akasema, "umemutoa. Mwache aende."

Dereva akawasha motokari.